Kuki, na Meli Iliyonifuata Hadi Kasongo

Siku ya kwanza patron, mwenye kazi, aliponiachia ufunguo wa siberi yetu, nyumba ya internet ya pale Kasongo, niliwafungia wateja wote mlango wa internet kwa mikono yangu mwenyewe, kisha nikawagombeza kwa nini hawaingii.

Ilikuwa hivi, vijana wangu. Asubuhi ile kila ukurasa niliofungua uliniuliza swali moja kwa Kifaransa: unakubali kuki, ao unakataa? Mimi kuki sikuzijua. Sekondari nilimaliza, ndiyo, lakini wakati wetu tulifundishwa mito ya Ulaya na sehemu za panzi, kuki hazikuwamo. Tena mama yangu alinilea vizuri: mutu usiyemjua akikupa kitu usichokijua, unasema asante, nimeshiba. Basi nikaingia mahali pa kupangia mambo ya ordinateri, yaani kompyuta, nikaona pameandikwa "kataa kuki zote", nikabonyeza. Nikafanya vile kwa ordinateri zote, moja moja, kwa moyo wa kulinda raia. Halafu nikakaa nyuma ya meza, shingo ndefu, nikingoja kushukuriwa.

Mteja wa kwanza akaniita. "Papa Amuri, naandika jina, naandika kode yangu ya siri, inanirudisha pale pale. Inaniuliza tena miye ni nani."

"Vidole vyako vinene. Andika polepole."

"Na miye pia," akasema wa pili.

"Weye umetoka kula mikate. Vidole viko na mafuta, ordinateri haikuoni vizuri."

Wa tatu hakuwa na vidole vinene wala hakuwa amekula. Nikasema ni mvua. Mvua haikuwako. Nikasema ni batri. Batri zilikuwa zimejaa. Nikapanda juu ya mabati na kitambaa cha meza, nikaipangusa parabole, lile dishi la internet, mpaka ikang'aa kama sahani ya sikukuu. Kutoka juu napiga kelele, "Jaribuni sasa!" na watu chini wanajibu kwa pamoja kama kwaya, "Bado!" Mutu mmoja nilimwambia kode yake imechacha kwa kukaa sana. Akaenda nyumbani kufikiri nyingine, masikini, na alikuwa ameniamini.

Aliyefaidika siku ile ni Mama Zaina peke yake. Huyu ni jirani yangu wa nyumbani, ukuta kwa ukuta, na mikate yake alikuwa anaikaangia mbele ya siberi, upande wa pili wa barabara. Hasira inaleta njaa, na mimi nilikuwa nazalisha hasira kwa wingi.

Mchana akapita Fundi Salumu, kijana wa Kindu aliyetufungia parabole. Alikaa mbele ya ordinateri moja, akabonyeza mara mbili tatu, kisha akashika fremu ya mlango ili asianguke kwa kicheko.

"Papa Amuri, mupunga wako unaukobolea wapi?"

"Kwa mashini ya sokoni, kama kila mutu."

"Mwenye mashini anakujua?"

"Yule? Kelele imemuharibu kichwa, hajui hata bibi yake."

"Sasa anajuaje gunia iko yako?"

"Ananipa kipande cha kartoni. Kiko na namba. Namba ile ile iko juu ya gunia."

"Basi leo umewakataza watu wa Kasongo wote kupokea kartoni! Wanaleta mupunga, wanasema majina yao, wanageuka kidogo tu, mwenye mashini ameshawasahau. 'Weye ni nani?' Watasema majina mpaka kiama!"

Hiyo ndiyo kuki, vijana. Sahauni jina lake, halina msaada wowote; walioliweka wanalijua wenyewe. Shikeni kartoni. Ukurasa wa internet hauna kumbukumbu. Kila unapobonyeza, kwake weye ni mutu mpya ametoka porini. Ndiyo maana ukiingia mara ya kwanza unapewa kipande kidogo cha maandishi, mara nyingi ni namba tu, na navigateri yako (ile programu unayofungulia kurasa) inakiweka mfukoni. Ukibonyeza tena, navigateri inakionyesha bila kukuuliza. Mwenye mashini anaangalia namba, anasema, "Ah, gunia lile pale." Kode yako kwa kawaida haimo ndani ya kartoni. Virusi haimo, ni maandishi tu. Na kartoni ya mashini ya sokoni haisomwi na mashini ya misioni: kila mwenye mashini anasoma yake.

Kartoni nyingine zinakufa ukifunga navigateri. Nyingine zinaandikwa tarehe ya kufa, na zinaweza kukaa mfukoni mpaka mvua zije na zikatike tena.

Fundi Salumu akanifungulia kila kitu, watu wakaingia, na mimi nikajifanya ni parabole iliyokuwa chafu. Mutu wa kode iliyochacha mpaka leo hajaambiwa. Kama anasoma hapa: bwana, kode yako ya kwanza ilikuwa nzuri sana.

Sasa mutu akiponea kosa moja anakimbilia la upande wa pili. Mimi kutoka siku ile nilikubali kuki zote. Zote! Swali halijamaliza kutokea, nimeshabonyeza "nakubali". Tena hatukuwa tunafunga kitu. Na hapa nisilaumiwe peke yangu, kwa sababu ilikuwa heshima ya mji wetu. Nyinyi mmekua na simu mfukoni, hamjui rezo, yaani mtandao, ya wakati ule: ukurasa mmoja ulikuwa unafunguka polepole kama mutu anayevua viatu vibovu. Kwa hiyo mutu akimaliza, hafungi navigateri. Anamwachia anayefuata ikiwa moto, kama vile mama akimaliza kupika anavyomwachia jirani makaa. Kufunga mbele ya mutu anayengoja ilikuwa kama kumwaga maji juu ya moto wake. Watu wangekusema.

Ndivyo siku moja muchinjaji wa mbuzi alivyokaa mahali alipotoka katekista. Katekista alikuwa ameinuka bila kutoka ndani ya boksi yake ya barua za internet, na kartoni yake ilikuwa bado mfukoni mwa navigateri. Muchinjaji akafungua, akaona barua nyingi, akafurahi kwamba siku hizi anaandikiwa sana. Akaanza kujibu. Wanakwaya walikuwa wameuliza mazoezi ya Jumapili ni saa ngapi. Akawajibu: "Mbuzi amekwisha, ngojeni Jumamosi, na yule aliyechukua kichwa kwa deni alete." Kwaya nzima ilikaa wiki ile ikitafuta maana ya kiroho.

Tulicheka. Hatukujifunza. Mpaka ikaja kesi ya Faida, na pale kicheko karibu kinikwame.

Faida alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa mtaa wetu, mwenye sauti ya kunyamazisha darasa bila fimbo. Alikuwa ameposwa na Idi, kijana wa Kabambare mwenye duka dogo. Walipendana ile ya kweli: Idi alikuwa anakuja kwa moto, yaani pikipiki, na mnajua barabara ile, anafika mtu wa udongo, hujui macho yako wapi, na Faida anamtambua kwa kikohozi. Mahari ilikuwa imezungumzwa. Kilichobaki ni mjomba wa Idi, Mjomba Kalonda, mzee aliyeshika neno la familia yao, aje Kasongo kusema ndiyo ya mwisho. Mbuzi walikuwa wameshafungwa nyuma ya nyumba ya kina Faida. Nguo ya bibi-arusi ilikuwa kwa fundi.

Mjomba akaja. Asubuhi, kabla ya kikao, akataka kumwandikia mwanawe aliye Kindu, akaingia siberi. Mzee mrefu, kofia ya kushonwa kwa mkono, upara safi, Kifaransa chake cha zamani kimenyooka kama shati la pasi. Faida alikuwa ndiyo kwanza anainuka kwenye ordinateri ya katikati; alikuwa anatafuta mazoezi ya hesabu kwa watoto wake. Alimwona mkwe mtarajiwa, akainamisha kichwa, akamsalimia kwa mikono miwili, akamwachia kiti. Na ordinateri, bila shaka, akamwachia ikiwa moto. Mtoto mwenye adabu.

Mjomba akaandika barua yake, kisha akasema asome habari kidogo. Nikaona anasogeza uso. Pembeni ya habari kulikuwa na tangazo: meli kubwa nyeupe, ndefu kama mtaa, ina bwawa la kuogelea juu yake, na maneno makubwa: "Bado unafikiria safari yako? Chumba chako kinakungoja." Akafungua ukurasa mwingine. Meli. Mwingine. Meli, na sasa pembeni yake sanduku la safari, la magurudumu. Mwingine: "Usichelewe. Ondoka sasa."

"Papa," akaniita, sauti ya chini. "Nani alikaa hapa mbele yangu?"

Na mimi, mdomo wangu huu, kwa majivuno kabisa: "Si mwalimu Faida, bibi-arusi wetu! Anapenda sana ile ordinateri, kila siku ni pale pale!"

Mjomba akavaa kofia, akatoka. Barua hakuituma.

Kabla ya saa sita Mama Zaina alivuka barabara akiwa bado ameshika kijiko cha kukaangia, mafuta yanadondoka.

"Papa Amuri! Umesema nini na ule mzee?"

"Mimi? Nimemsifia Faida tu."

"Umemsifia! Mzee anafunga begi! Anasema mutoto yule iko na safari ya siri, ameshatafutiwa chumba ndani ya meli, atakula mahari yao na kukimbilia Ulaya. Anasema ameona na macho yake. Mbuzi wanafunguliwa sasa hivi!"

Nyuma yake akaingia Faida. Hakulia, na hilo ndilo lililoniogopesha. Aliongea ile sauti ya darasani.

"Papa Amuri, mimi hata kuogelea sijui. Meli gani?"

Niliigeukia ordinateri ya katikati. Kwa sababu pale pale nilielewa ni kitu gani kimetokea. Nilielewa nusu, tuseme. Nusu nyingine ilikuwa inaningoja kama fimbo nyuma ya mlango.

"Mleteni Mjomba hapa," nikasema. "Mwambieni asifunge begi mpaka nimuonyeshe kitu. Mama Zaina, mlete weye. Weye hakuna mutu anakushinda."

Akaenda. Alirudi naye amemshika mkono wa kanzu, na kinywani mwa mzee mulikuwa na mkate wa moto. Nadhani alimuwekea ili asiweze kukataa. Nyuma yao nusu ya soko.

Nikamuketisha Mjomba mbele ya ordinateri nyingine, ile ya dirishani.

"Mjomba, tafuta kitu unachokitaka nyumbani kwako. Kitu chochote."

Akameza mkate. Akafikiri. "Matela, godoro la kulalia," akasema. "Yangu imekwisha, mgongo unaniuma."

Tukaingia kwenye duka la matela. Swali la kuki likaja, nikabonyeza "nakubali" kama kawaida yangu. Mjomba akaangalia moja, akaangalia ya pili, akakaa sana kwenye kubwa ya watu wawili, yenye maua ya dhahabu. Kweli ilikuwa nzuri. Halafu nikamuinua, na navigateri sikuifunga.

"Mama Zaina, kaa weye. Soma habari."

"Habari gani tena, nina mafuta motoni!"

"Soma!"

Akakaa. Ukurasa wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Jasho likaanza kunitoka. Wa tatu ukafunguka kidogo kidogo, kutoka juu kwenda chini, watu wote wamenyoosha shingo, na pembeni ikatokea ile matela ya dhahabu, ya watu wawili, na maneno: "Iko bado inakungoja."

Siberi nzima ikapasuka. Mama Zaina aligeuka polepole na kiti, akamuangalia Mjomba kutoka kofia mpaka viatu.

"Mjomba! Matela ya watu wawili inaningoja miye? Sisi tumejuana leo!"

"Hapana! Miye? Hapana, mama, siko..."

"Basi ungesema kwanza na mume wangu!"

"Mjomba," nikasema, nikipata pumzi, "kwa hukumu yako ya asubuhi, Mama Zaina ndiye aliyetafuta matela hii. Na kama mume wake angekuwa ameingia sasa hivi, angefungua mbuzi gani?"

Nikamueleza kama ninavyowaeleza nyinyi. Mashini ya mupunga anaijua kila mutu wa Kabambare. Nikamwambia: ona mchuuzi mmoja, mjanja, ambaye hana mashini yake mwenyewe. Amekubaliana na wenye mashini wote, ya sokoni, ya misioni, ya barabara ya Kabambare, asimame mlangoni kwao na matangazo yake. Ukiingia kwa mashini ya sokoni, mwenye mashini anakupa kartoni yake. Na yule mchuuzi naye anakutilia yake mfukoni. Ukifika mashini nyingine, mchuuzi iko mlangoni pia, anaisoma kartoni yake: "Ah, ni yule aliyeangalia matela ya maua!" Na anakuonyesha matela. Hakujui jina. Hajui kama mgongo unakuuma. Tena, na hapa ndipo kesi yote ilipo, hajui hata kama ni weye: anasoma mfuko tu. Koti ukimuazima shemeji, mchuuzi atamuonyesha shemeji matela. Na ordinateri ya siberi ni koti linalovaliwa na mji mzima.

Mjomba aliitazama ile matela tena. Alikuwa mzee wa haki, hakuwa wa ubishi. "Sawa," akasema. "Nimeelewa. Koti. Basi meli haikuwa lazima ya mwalimu."

"Haikuwa!"

"Lakini ni ya mutu. Kuna mutu wa Kasongo aliyeitafuta."

Hapo ningenyamaza. Mama Zaina mwenyewe aliniambia baadaye: hapo ungenyamaza. Lakini ushindi ulikuwa umenipanda kichwani. Nusu ya soko ilikuwa inaniangalia kama mganga. Nikasema, "Mjomba, usiogope hata hiyo meli. Ni duka tu kama la matela. Njoo, tuiingie uone." Nikaenda kwa ordinateri ya katikati, nikaitafuta ile meli nyeupe, na mbele ya watu wote nikabonyeza juu yake, paa!, kama mwalimu anayepiga ubao.

Ukurasa ukafunguka, kidogo kidogo, kutoka juu kwenda chini. Na kwa herufi nzuri za buluu ukasema:

"Tunafurahi kukuona tena, Amuri."

Na chini yake: "Msafiri: mmoja. Chumba: chenye dirisha."

Vijana, mimi nilikuwa nimesahau. Naapa, nilikuwa nimesahau kama yule mwenye mashini. Ijumaa moja ya nyuma, wakati wa swala, patron alifunga siberi na wanaume wote wakaenda msikitini, na mimi nikasema nabaki kulinda batri. Nililinda batri, ndiyo. Halafu nikakaa kwa ordinateri ya katikati, nikaona ile meli. Mimi, ambaye mji mzima unanijua kwamba siendi popote! Mutu wa nyumbani, wa kiti na chai, ninayewacheka wasafiri kila siku: "Internet inaniletea dunia mezani, niende wapi?" Mimi ninayevuka Lualaba ndani ya mtumbwi nimefumba macho na kushika shati la mpiga kafi. Safari yangu ndefu maishani ni Kabambare, juu ya pikipiki, na nilipofika niliomba nizikwe kule kule ili nisirudi. Lakini ile Ijumaa, peke yangu, niliona bwawa la maji juu ya meli iliyo juu ya maji, na nikataka kujua mutu anafikaje mle. Ukurasa uliuliza jina, nikaandika. Mutu akikuuliza jina kwa adabu utafanyaje? Uliuliza msafiri mmoja ao wawili. Nikajibu. Uliniuliza habari ya dirisha. Nikajibu. Nikatafuta na sanduku la magurudumu. Halafu watu wakarudi kutoka kuswali, nikatengeneza uso wa mlinzi wa batri, na ile habari ikaisha kichwani mwangu.

Mwenye meli hakuisahau. Alinitilia kartoni yake, yenye kujua jina nililoandika. Na mchuuzi wa mlangoni alinitilia ya kwake, ile iliyomfuata Mjomba asubuhi. Zote mbili nilizikubali mwenyewe, bila kusoma, kwa kidole hiki.

Watu walisogea mbele kwanza. Kisha Faida, yule wa sauti ya darasa, alisoma kwa nguvu, neno kwa neno, kwa faida ya wale walio mlangoni wasioona. Alipofika "msafiri mmoja", Mama Zaina akapiga makofi.

"Mmoja! Na mama wa batoto je? Atakufuata na mtumbwi?"

Mjomba Kalonda alianza kucheka kutoka tumboni, ikapanda, ikamtoa machozi, kofia ikaanguka. Alishika meza. "Dirisha!" alikuwa anasema. "Alitaka na dirisha!" Alipoweza kusimama, alimgeukia Faida, akashika mikono yake miwili, akamuomba msamaha mbele ya watu, maneno ya kweli na ya taratibu. Halafu akasema kikao ni saa ile ile iliyopangwa. Mbuzi waliofunguliwa walikuwa wameshafika kwenye mihogo ya watu. Mji mzima uliwakimbiza, na mimi mbele, kwa furaha ya kutoka mle ndani.

Nyumbani kwangu habari ilifika kabla yangu. Chakula cha siku ile niliwekewa dirishani.

Arusi ilifungwa. Idi alifika mtu wa udongo, akaoshwa, akaoa. Faida leo ni mkurugenzi wa shule, ana watoto wake, na tukikutana njiani ananiita Papa Meli. Mjomba alinunua matela, ya watu wawili, ya maua. Sikuuliza.

Sasa mnaokuja uani kwangu na simu mkononi, "Papa, inaniuliza habari ya kuki, nifanye nini?", sikilizeni, kwa sababu nililipa kwa aibu ili nyinyi mpate bure. Kartoni ya mwenye mashini ikubalini, bila yake hamtaingia. Mimi nilijaribu, mnajua. Ya mchuuzi wa mlangoni mnaweza kuikataa, na mlango utafunguka vile vile. Lile neno la "kataa" linaandikwa dogo, pembeni, rangi ya vumbi, na "kubali" kubwa kama debe la mafuta. Mutu akikufichia neno, jua anataka usilione. Lisomeni.

Mkiazima simu ya mutu, fungueni dirisha la siri la navigateri, lile ambalo ni koti lisilo na mfuko: ukilifunga, kartoni zote zinatupwa pale pale. Lakini msijidanganye kwamba mnakuwa upepo; mwenye rezo anakuona bado ukipita njiani. Na mkimaliza ndani ya barua zenu, tafuteni mahali palipoandikwa "toka", mbonyeze. Kufunga ukurasa peke yake ni kuondoka sokoni na kuacha kartoni yako juu ya meza. Muchinjaji yule yuko hai bado, na anapenda kujibu barua. Mara moja moja ingieni kwenye mipangilio mfute kartoni za zamani. Mtaombwa kode upya kila mahali, msipande juu ya mabati.

Siberi haiko tena. Patron aliigeuza duka la dawa, nami nikarudi kwenye kazi niliyozaliwa nayo, ya kukaa nyumbani. Binti yangu alininunulia simu. Juzi nilikuwa nimekaa mlangoni nasoma habari za mupira, na Mama Zaina akapita na beseni lake. Katikati ya ukurasa, bila haya, ikatokea: nyeupe, ndefu kama mtaa, bwawa juu. "Bado unafikiria safari yako?" Niligeuza simu juu ya goti, lakini nilichelewa. Ndiyo, nilikuwa nimeitafuta tena. Nilitaka tu kujua kama bado inaelea.

Mama Zaina akatua beseni. Akavaa miwani. Akachukua simu gotini kwangu, akasoma mpaka mwisho, akanirudishia, akasema:

"Ile meli inakukumbuka kila siku, Papa Amuri, lakini mpaka leo haijui kama kwenda Kabambare tu ulilia njia nzima."